Cheti Hufuata Chuma, Si Mahali

Nenda bohari yoyote ya mafuta pale Kigamboni au Kurasini, jijini Dar es Salaam, uliza ina matangi mangapi, halafu usiridhike na jibu la mtu mmoja. Mhasibu atakupa idadi yake, fundi atakupa nyingine, na mlinzi wa getini asiye na karatasi yoyote huenda akawa karibu na ukweli kuliko wote wawili. Hakuna anayedanganya. Kila mtu anahesabu kitu chake. Kwa mhasibu, matangi matatu, ngazi zake, mabomba, pampu, rangi na malipo ya mkandarasi aliyemwaga zege vinaweza kukaa kwenye mstari mmoja unaosomeka "upanuzi wa bohari, awamu ya pili". Fundi anahesabu vitu vinavyomletea kazi. Mlinzi anahesabu anavyoviona.

Nimekaa kwenye kazi ya kumbukumbu za mitambo muda wa kutosha kuyazoea majibu hayo yote. Kisha kampuni, ambayo sitaitaja, ikaamua kununua mfumo wa kompyuta wa kufuatilia kama tunatimiza masharti ya sheria, na mimi nikapangwa kwenye timu ya kuhamisha kumbukumbu kutoka kwenye majalada na Excel. Upande mmoja tuna matangi ya petroli na dizeli, upande wa pili matangi ya gesi ya kupikia, yale marefu yaliyolala. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya mwenzangu yeyote ambaye kesho ataitwa ofisini aambiwe, "Wewe ndiye utatusaidia kwenye mfumo mpya."

Kwanza uelewe kwa nini jambo hili ni gumu hapa kwetu. Tangi moja linatazamwa na macho mengi. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanataka kujua kama linaendana na leseni. Wakala wa Vipimo wanashughulika na ujazo: chati ya tangi, inayogeuza sentimita za dipu (kijiti cha kupimia kina cha mafuta) kuwa lita, na mita za kwenye gentri, yaani jukwaa la kujazia malori, ambazo lakiri yake ikikatika una maelezo ya kutoa. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, hii yetu ya Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 na si ile ya Marekani ambayo wauza programu huidhania, wanaangalia vyombo vyenye mgandamizo na vifaa vya kunyanyulia mizigo. NEMC, watu wa mazingira, wanauliza mafuta yakimwagika yataishia wapi. Zimamoto wanauliza povu na maji. TRA, watu wa kodi, wanauliza lita zilizoingia na kutoka. Tangi ni lilelile, lakini kila ofisi ina namba yake ya jalada, tarehe yake, na mara nyingine hata jina lake la tangi. Kwenye barua moja ni "Tangi Na. 4", kwenye nyingine ni "T-104", na kwenye cheti cha zamani limeandikwa jina la mmiliki aliyeuza bohari kabla sijaajiriwa.

Washauri waliokuja kutufungia mfumo walitaka jambo moja tu: jedwali. Tuwajazie jedwali lao, wao walipakie, kazi iishe. Na kwa kuwa rejista pekee iliyokuwa nadhifu ilikuwa ya uhasibu, pendekezo likawa tuanzie hapo. Nilipinga, na ushahidi niliotumia kikaoni ulitoka California.

Tarehe 9 Septemba 2010 bomba la gesi la inchi 30 lilipasuka chini ya mtaa mmoja katika mji wa San Bruno. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ulikuta kwamba kumbukumbu za PG&E, kampuni ya gesi yenye bomba hilo, zilionyesha bomba la kipande kile halina mshono. Lilipochimbuliwa lilikuwa na mshono wa kuchomelewa kwa urefu, na baadhi ya vipande vyake vifupi vilichomelewa upande wa nje tu, ndani vikaachwa. Kosa hilo la kumbukumbu lilitokana na hati za kihasibu za mwaka 1956, ambazo miongo kadhaa baadaye ziliingizwa kwenye ramani ya kompyuta na kugeuka kuwa "taarifa za uhandisi". Mapema mwaka 2011 kampuni ikawa inakusanya maboksi ya karatasi kutoka ofisi zake mbalimbali hadi kwenye ukumbi wa Cow Palace, watu wakipekua kutafuta ushahidi wa mabomba yao yametengenezwa na nini.

Mhasibu wetu, mama mmoja makini sana, ndiye aliyeniunga mkono kabla ya mtu mwingine. Alisema rejista yake imetengenezwa kujibu mali ilinunuliwa kiasi gani na imechakaa kiasi gani, na kwamba yeye mwenyewe asingepanda ngazi ya tangi kwa kuitegemea. Tukakubaliana kuanzia uwanjani.

Hapo ndipo nilipokutana na suala la vali, na ningeshukuru kama kuna mtu angenieleza mapema.

Juu ya kila tangi la gesi ya kupikia kuna vali za usalama. Mgandamizo ukipanda kupita kiwango, vali inafunguka na kutoa gesi kabla tangi halijapasuka. Vali hizo hushushwa kwa zamu, hupelekwa kwenye benchi la majaribio, hupimwa zinafungukia wapi, kisha hupewa cheti. Na kwa kuwa huwezi kuacha tundu wazi juu ya tangi lenye gesi, ukiishusha moja unapandisha nyingine kutoka stoo. Ile iliyoshushwa ikirudi kutoka benchi haitafuti kiti chake cha zamani. Inakaa stoo mpaka zamu ijayo, na huenda ikapanda tangi lingine kabisa.

Sasa mfumo wetu ulikuwaje? Ulikuwa na rekodi moja kwa kila tagi. Tagi ni jina la mahali: vali ya kwanza ya tangi la pili la gesi, basi. Cheti kikija, karani anakifungua, anatafuta tagi, anakiambatisha, tarehe mpya inaingia, taa inakuwa kijani. Kila kitu kijani. Mkaguzi alipokuja alipanda ngazi na nakala za vyeti mkononi, akainama akasoma kibati cha kiwandani kilichogongwa kwenye vali, akasoma cheti, akasoma kibati tena. Namba hazikufanana. Cheti kilikuwa halali, vali nayo ilikuwepo, ila kile hakikuwa cheti cha vali ile. Vali yenye cheti ilikuwa stoo, imefungwa plastiki, safi. Iliyokuwa juu ya tangi ilikuwa na cheti kilichokwisha muda, ambacho mfumo ulikifunika siku karani alipopakia kile kipya kwenye tagi ileile.

Mzee wa karakana, ambaye kwa kweli ndiye aliyenifundisha kazi hii, alikuwa ameshaniambia kwa namna yake wiki zilizotangulia. Nilipita kumsalimia, akaitikia marahaba, kisha akanyoosha kidole kwenye benchi lake: "Binti yangu, kompyuta yenu inasema hii iko juu ya tangi namba mbili. Mbona mimi naishika hapa?"

Tulichofanya ni kutenganisha rekodi. Mahali pana rekodi yake: tagi, tangi lipi, vali ya pale inatakiwa kufungukia mgandamizo gani, sheria ipi inahusika. Chuma nacho kina rekodi yake: mtengenezaji, namba ya kiwandani iliyo kwenye kibati, saizi, na vyeti vyake vyote toka kiliponunuliwa. Katikati yake kuna rekodi ya tatu, nyembamba, inayosema chuma hiki kilikaa mahali hapa kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii. Cheti kinaambatishwa kwenye chuma peke yake. Kama mahali pana uhalali leo au hapana, mfumo unakokotoa wenyewe kwa kuangalia ni chuma gani kimekaa pale. Mfumo wetu ulikuwa na uwezo huo tangu mwanzo, umefichwa kwenye menyu ambayo washauri waliifunga ili "kurahisisha". Mita ni hivyohivyo. Hozi ni hivyohivyo. Pampu ambazo mota yake hubadilishwa peke yake zinataka uangalifu zaidi, maana hapo una chuma ndani ya chuma.

Ubora wa rekodi ile ya katikati unategemea fundi aliye juu ya ngazi na glavu mikononi. Fomu ndefu hatajaza. Tukaamua apige picha ya kibati wakati wa kushusha na wakati wa kupandisha, kwa kifaa kinachoruhusiwa eneo lile, maana simu ya kawaida ni marufuku kwenye eneo la mvuke na ni marufuku ya kweli. Akishuka anatuma. Kuna kitu kimoja kuhusu WhatsApp: ukituma picha kama picha, inabanwa na taarifa za ndani za saa na mahali ilipopigwa zinafutwa. Itume kama faili. Namba ya kibati iliyokolea kutu ikibanwa, 8 inakuwa 3 mbele ya macho yako.

Jingine ni sehemu zenye nyota nyekundu. Mfumo haukuruhusu uhifadhi rekodi mpaka uzijaze zote: mwaka wa kutengenezwa, daraja la chuma, unene wa awali. Aliyeunda fomu alidhani analazimisha ukamilifu. Alichopata ni uongo, kwa sababu mtu mwenye rekodi nyingi mezani na bosi mlangoni ataandika 1/1/1900, ataandika 999, au ataandika sifuri. Sifuri ndiyo mbaya kuliko zote, kwani baada ya mwaka hakuna atakayejua kama ilikuwa kipimo au ni mtu alichoka. Tulipigania chaguo la "haijulikani" liwekwe wazi kwenye orodha, pamoja na jina la anayepaswa kutafuta jibu.

Meneja mmoja alihofu kwamba "haijulikani" ikionekana mbele ya mkaguzi itatuaibisha. Lakini kuna kanuni zinazompa asiyejua mahali pake na gharama yake. Kanuni za shirikisho za Marekani za mabomba ya gesi, Sehemu ya 192, zinasema kama nguvu ya chuma cha bomba haijulikani na haikupimwa, kwenye hesabu utatumia paundi 24,000 kwa inchi ya mraba. Maana yake unalichukulia bomba kuwa dhaifu na kuliendesha kwa mgandamizo mdogo, ukitaka zaidi ukapime. Kwetu hatukuwa na namba kama hiyo ya kufuata kwa kila kitu, ila hoja ilieleweka.

Tarehe nazo. Mfumo ulitengenezwa ukiweka mwezi mbele, vyeti vyetu vinaweka siku mbele. Cheti cha tarehe 25 Machi, yaani 25/03, kilikataliwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, tukakisahihisha. Hivyo vilivyokataliwa havikuwa na shida. Cheti cha 04/11 kiliingia bila kelele, na Novemba 4 ikawa Aprili 11. Kila cheti ambacho siku yake ni 12 kushuka chini kilipita kimya. Ukihamisha kumbukumbu, andika mwezi kwa herufi, au anza na mwaka, halafu chukua vyeti kadhaa vya siku za mwanzo wa mwezi uvikague kwa macho. Usiridhike na ripoti kwamba mistari yote imepakiwa bila hitilafu.

Ramani ilitupa kicheko kidogo. Michoro ya zamani ilikuwa na koordineti za mfumo wa Arc 1960 uliotumika na wapima ardhi wa Afrika Mashariki, na programu ikazisoma kama WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS. Tofauti hapa kwetu inakaribia mita 300. Tangi likaonekana kaskazini, ndani ya kiwanja cha jirani. Kwa kuwa kosa lilikuwa kubwa kila mtu aliliona, likarekebishwa siku hiyohiyo. Laiti yote yangekuwa hivyo.

Nirudi kwenye mambo mazito. Hali ya kifaa. Mfumo ulikuja na chaguo mbili tu, "kinatumika" na "hakitumiki", na watu walipenda "hakitumiki" maana ukiibonyeza vikumbusho vyote vinanyamaza. Tangi la petroli lililomwagwa ili lisafishwe halitumiki, ni kweli. Lakini mvuke uliobaki ndani unaweza kuwaka kirahisi kuliko petroli iliyojaa hadi juu, na mtu ataingia humo kupitia manholi, lile tundu la kuingilia. Kifaa cha namna hiyo kinataka ukaguzi wa aina yake, na mfumo ulikuwa umezibwa mdomo. Tukaongeza hali: kimesimama kwa muda, kimefunguliwa kwa matengenezo, kimetengwa, kimeondolewa uwanjani. Na kitufe cha kufuta tukakiondoa kwa watumiaji wote. Rekodi inafungwa kwa tarehe na sababu, haifutwi.

Kipindi cha kurudi kutoka matengenezo ndicho ninachokiogopa kuliko vyote, na hapa sina budi kutaja Buncefield. Ni bohari ya mafuta karibu na Hemel Hempstead, Uingereza. Jumapili ya tarehe 11 Desemba 2005, saa 12:01 asubuhi, wingu la mvuke wa petroli lililipuka baada ya tangi namba 912 kufurika. Zaidi ya lita 250,000 zilikuwa zimemwagika. Watu 43 waliumia. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa ilikuwa Jumapili alfajiri na ofisi za jirani zilikuwa tupu. Geji ya tangi hilo ilikwama ikaonyesha mafuta hayapandi. Haikuwa mara ya kwanza: tangu tangi liliporudi kazini kutoka matengenezo tarehe 31 Agosti, geji ilikuwa imekwama mara 14. Wasimamizi wa zamu walijua namna ya kuikwamua. Mara nyingine waliandika, mara nyingine hawakuandika.

Kulikuwa na kinga ya pili, swichi ya kujitegemea ya kuzuia tangi kufurika. Nayo haikufanya kazi. Ilikuwa na mkono wa kufanyia majaribio ambao ulihitaji kufuli ili ubaki mahali pake pa kazi, na waliohusika hawakuelewa kufuli lile ni la nini. Halikufungwa.

Hebu fikiria rekodi ya swichi ile kwenye mfumo kama wetu. Ipo? Ndiyo. Mpya? Ndiyo. Imefungwa na mkandarasi? Ndiyo. Kijani, kijani, kijani. Baada ya kusoma ripoti ile tulibadilisha maswali ya kifaa kinachorudi kazini: badala ya kuuliza kama kipo, tunauliza nani alikijaribu, kwa njia gani, na baada ya jaribio kiliachwa katika hali gani, na picha iambatane. Hitilafu ndogo iliyorekebishwa na zamu yenyewe nayo inaandikwa kwa mstari mmoja dhidi ya chuma husika. Hili la mwisho bado linatusumbua. Msimamizi wa zamu ya usiku haoni kwa nini aandike kitu alichokimaliza kwa dakika mbili, na mimi mwenyewe nikiwa na usingizi ule nisingeona.

Vikumbusho vilikuja vikiwa vimewekwa siku 30 kabla ya cheti kuisha. Kwa kizima moto cha mkononi inatosha. Kwa vali ya usalama ambayo spea yake inaagizwa nje, isubiri meli, isubiri forodha, siku 30 ni taarifa ya msiba. Kila aina ya kifaa tuliipa muda kulingana na manunuzi yake, nikalazimika kukaa na mtu wa manunuzi, ambaye hakuna aliyekuwa amemwita kwenye mradi. Na kikumbusho kiende kwa cheo, kisiende kwa jina. Tulikuta vikumbusho vinavyoruka kila wiki kwenda kwa kijana aliyekwisha kuhamia kampuni nyingine.

Wakubwa wanapenda asilimia. Skrini yao ilionyesha asilimia 100 wakati fulani, wakapongezana. Ni asilimia 100 ya vilivyomo. Kifaa ambacho hakijaingizwa hakina rangi nyekundu, hakina rangi yoyote. Kwa hiyo kukagua rejista kwa kuchukua orodha na kwenda nayo uwanjani kutafuta kila kilichoandikwa hakutoshi, kwani utavikuta vyote na utafurahi bure. Tunaanzia uwanjani na daftari tupu. Unafuata bomba kwa miguu toka linapoingia bohari, unaandika kila flenji (kiungo cha bomba cha kufunga kwa boliti) yenye kitu juu yake, kisha unarudi kuuliza mfumo kama unavijua. Nilipita hivyo na mzee wa karakana asubuhi kabla jua halijawa kali, na kwenye kipande cha bomba kati ya vali mbili za kufunga tukakuta vali ndogo ya kupunguza mgandamizo, ile ya kuokoa bomba mafuta yaliyofungiwa yakipashwa na jua. Haikuwa na tagi wala jalada wala mwenyewe. Mzee aliikumbuka. Aliifunga yeye.

Na kabla hamjasaini mkataba wa mfumo, ombeni muonyeshwe namna ya kuutoka. Data itatoka, watakuambia, kwenye jedwali, na ni kweli. Waulize kuhusu vyeti vyenyewe, zile faili mlizoambatisha. Sisi tulipojaribu, zilitoka zote kwenye folda moja, kila moja ikiwa na jina la herufi na tarakimu zisizo na maana, bila kitu cha kuonyesha ipi ni ya chuma kipi. Sasa karani haruhusiwi kupakia cheti mpaka jina la faili lianze na namba ya kiwandani na tarehe ya cheti, na nakala inabaki kwenye kompyuta yetu.